Kuwalea Watoto katika Imani: Mafundisho na Mfano katika Nchi ya Unyamwezi

Zamani Mapadre Weupe walipoanza kazi yao katika nchi za bara, mtu mzima aliyetaka kuwa Mkristu hakubatizwa upesi. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika lao huko Algiers mwaka 1868, aliagiza kwamba mtu asipewe Ubatizo mpaka ametimiza miaka minne ya kujifunza na kujaribiwa. Muda huo wote watu walimtazama. Je, husali? Je, ana mke mmoja? Je, amelipa deni lake, amepatana na jirani yake? Hata alipobatizwa, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kujua kwamba mtu huyu amegeuka.

Mtoto wa Wakristu hapiti njia hiyo. Hubatizwa angali mchanga, wala hajui kulitaja jina lake. Wazazi na wasimamizi ndio wanaojibu kwa ajili yake. Basi yafaa tuulize: Je, miaka minne ya mtoto huyu i wapi? Jawabu ni kwamba imewekwa nyumbani mwa baba yake na mama yake. Kanisa halikumsamehe mafunzo yale, bali liliyaweka mikononi mwa wazazi. Nao wasipoyatoa, mtoto wa Mkristu atakuwa amepewa kidogo kuliko alivyopewa babu yake aliyetoka katika upagani.

Neno hili nataka kulieleza, kwa kuitazama kwanza lugha yenyewe, kisha desturi za Wanyamwezi, kisha habari za njia ya misafara iliyoleta Injili Tabora, na mwisho mambo yatupasayo kutenda.

1. Maneno ya lugha

Kiswahili hupambanua kulea na kufundisha. Kulea ni kazi ya kila saa: kulisha, kubeba, kulinda, kuonya, kumbembeleza mtoto aliapo usiku. Kufundisha kuna saa yake na mahali pake. Lakini hata neno hili tukilichungua tutaona kwamba ni ndugu yao fundi na mwanafunzi. Nasi twajua kuwa mwanafunzi wa seremala hapati ufundi kwa kusikia habari za randa. Hukaa na fundi, yeye akashika ubao upande huu na fundi akaushika upande ule, mpaka mkono wake umezoea. Basi katika asili ya neno kufundisha mna kutenda pamoja.

Kielelezo ni kitu kiwekwacho mbele ya macho ili mtu afanye kama hicho. Mshonaji akiwa na kielelezo cha kanzu hukata nguo kwa kukifuata. Na kielelezo kikiwa kimepinda, kanzu zote zitapinda, hata mshonaji akieleza vizuri namna gani jinsi kanzu nzuri ilivyo.

Neno imani limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni moja na amini, mwaminifu na amana. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine. Wazee wa Unyamwezi waliijua amana kuliko watu wengi. Mpagazi alipewa mtumba wake Tabora au Bagamoyo, uzito wake ratili 60 au 70, akauchukua muda wa miezi mitatu hivi, katika jua na mvua. Vitu vilivyomo havikuwa vyake, wala si yeye aliyevifunga. Sifa yake ilikuwa kuufikisha mtumba mzima kwa mwenyewe. Mzazi Mkristu ni mpagazi wa namna hiyo: imani aliyo nayo alipewa, naye hana budi kuifikisha kwa mtoto wake bila kuipunguza.

2. Jinsi mtoto wa Kinyamwezi alivyojifunza

Waandishi wa karne ya 19 waliozieleza habari za Wanyamwezi wasema kwamba vijana wao walizoezwa upagazi tangu utoto, kwa kuchukua pembe ndogo za ndovu begani. Na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa bado kuwa mtu mzima. Hakuna aliyemketisha mtoto chini amweleze upagazi ni nini. Aliwafuata wakubwa wake, akapewa mzigo kwa kadiri ya nguvu zake, akajifunza kwa miguu.

Tena kila msafara ulikuwa na kirangozi. Huyu alikwenda mbele ya wote pamoja na bendera, na haikuwa ruhusa kwa mpagazi kumtangulia. Kirangozi hakuketi kambini na kuonyesha njia kwa kidole. Penye mto yeye alilowa kwanza, penye miiba yeye alichomwa kwanza, na wale wa nyuma walikanyaga alipokanyaga. Neno hili limekwisha kupotea midomoni mwa vijana tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini kazi yake yafaa ikumbukwe na kila mzazi.

Mambo ya nyumbani nayo yalijifunzwa hivyo hivyo. Jioni wanaume na vijana walikutana katika iwanza, yaani nyumba yao ya mazungumzo, na humo mvulana alisikia habari za safari, za vita na za mashauri. Msichana alikaa karibu na mama yake penye jiwe la kusagia.

Katika mambo ya dini, Wanyamwezi walimjua Mungu aliye juu ya vyote, wakamwita Likube, na pengine Limatunda, yaani Muumba. Lakini ibada ya kila siku ilielekea zaidi kwa wazee waliokufa. Mtoto alimwona baba yake akitenga unga, au pombe, au mbuzi kwa ajili yao. Aliona uso wa baba yake ulivyobadilika wakati ule, akanyamaza. Hapakuwa na kitabu wala darasa, na hata hivyo desturi zile zilidumu vizazi vingi. Kadhalika mtoto wa Kiislamu wa Tabora au Ujiji huenda chuoni kusoma herufi za Kurani, lakini kuswali ameanza kujifunza mapema, kwa kusimama karibu na baba yake na kuinama ainamapo.

Sisemi haya ili kuisifu ibada ya mizimu. Nataka tuone kwamba watu wa nchi hii hawakukosa kamwe ujuzi wa kurithisha dini. Walikuwa nao kabla ya shule. Ni ajabu basi kwamba Wakristu wengi wameuacha ujuzi huo tangu siku waliyopewa shule, wakidhani kwamba kazi yote sasa ni ya mwalimu.

3. Mambo yaliyotokea katika njia ya misafara

Mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza, watu 10, walipita njia ya Bagamoyo kwenda bara. Padre Pascal alikufa kabla ya kufika. Tabora waligawanyika, kundi moja likaelekea Ujiji na jingine Buganda. Katika miaka ya 1880 wakaweka makao ya watoto karibu na Tabora, mahali paitwapo Kipalapala. Watoto wale walikuwa yatima, au watumwa waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanya biashara. Fedha za kazi kama hiyo zilitoka kwa sehemu katika shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Forbin-Janson, ambalo watoto wa Ulaya walitoa senti zao kuwasaidia watoto wa nchi za mbali. Leo watoto wa parokia zetu wenyewe wamo katika shirika hilo.

Makao yale yaliwapa watoto chakula, usalama na mafundisho. Nyumba ya baba na mama hayakuweza kuwapa. Kwa hiyo katika misioni nyingi vijana waliokombolewa walipokua waliozwa, wakapewa mashamba na kujengewa vijiji vya Kikristu, ili watoto watakaozaliwa wakute nyumba yenye sala. Kipalapala penyewe paliachwa mwaka 1889 kwa sababu ya ghasia za siku zile. Hata mwaka 1925 pakafunguliwa Seminari Kuu. Hivyo mahali palipokuwa pa watoto wasio na nyumba pakawa mahali pa kuwafunza mapadre, ambao wengi wao walitoka katika nyumba za makatekista na Wakristu wa kwanza.

Ndugu zetu Waprotestanti nao wana habari zao katika njia hii. Mwaka 1879 wamisionari wa shirika la London walifika Urambo kwa mtemi Mirambo, na mwaka 1898 kazi yao ikashikwa na kanisa la Moravian. Kanisa hilo latokana na ndugu wa Bohemia, ambao askofu wao Comenius, aliyeishi tangu 1592 hata 1670, aliandika kitabu kidogo cha kuwaongoza wazazi katika miaka sita ya kwanza ya mtoto. Shule ya kwanza, kwa mawazo yake, ni magoti ya mama. Na mtoto asiyepata kitu hapo atampa taabu kila mwalimu ajaye baadaye.

Lakini mfano ulio mkuu katika habari hizi ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi za mto Niger. Angali mtoto alikamatwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka Mapadre Weupe walipomkomboa. Lavigerie alitaka Waafrika ndio wawaletee Waafrika wenzao Injili, akawapeleka vijana kadhaa kisiwani Malta wakajifunze utabibu, na Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1888 alifunga safari kwa njia ya Tabora, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akaoa mwanamke wa nchi ile, jina lake Agnes. Akawatibu wagonjwa na kuwafundisha watu dini mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani muda wa miaka 67. Habari za maisha yake, alivyozieleza mwenyewe, zilitolewa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtoto wake Joseph akawa padre.

Mtu huyu alinyang'anywa nyumba ya baba yake. Hakukulia magotini pa mama yake. Lakini waliomkomboa walimlipia, wakamlisha, wakamfunza kazi. Naye alipokuwa na nyumba yake mwenyewe alijua imani huonekanaje mikononi mwa watu. Mtoto wa nyumba ile alimwona baba yake akiitwa usiku kwa ajili ya mgonjwa, akaondoka. Habari hii yatupa tumaini kwa watoto ambao wazazi wao si Wakristu, au wamekufa. Wao nao waweza kulelewa katika imani, ikiwa yuko mtu wa kuwatangulia. Ndiyo sababu Kanisa huwataka wasimamizi wa Ubatizo. Nao hawakuwekwa ili kuleta zawadi ya nguo siku ya sherehe na kutoonekana tena.

4. Mambo yatupasayo

Mwaka 1910 Papa Pius X aliagiza kwamba watoto wapewe Komunyo ya kwanza wafikapo umri wa akili, yaani miaka saba hivi. Agizo hili ni jema, nalo lazidi kuwaonya wazazi, kwa kuwa muda wao wa kwanza ni mfupi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulikumbusha kwamba wazazi ndio wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao, kwa neno na kwa mfano. Haya basi ni mambo machache yawezekanayo katika kila nyumba, hata nyumba ya maskini.

Kwanza, sala isemwe kwa sauti, na baba awepo. Watoto wengi hudhani sala ni kazi ya wanawake, kwa sababu mama husali nao na baba huketi nje. Si lazima sala iwe ndefu. Sharti iwe kila siku, na mwenye nyumba apige magoti.

Pili, mtoto aelewe asemalo. Katika vigango vyetu mtoto hukariri majibu ya katekisimu kwa Kiswahili, naye nyumbani husema Kinyamwezi. Kukariri ni kuzuri, maana lililo kichwani laweza kushuka moyoni siku ya shida. Lakini arudipo, mama amwambie: Mweleze bibi yako kwa Kinyamwezi ulilofundishwa leo. Asipoweza kulieleza, bado hajalipata. Wamisionari wa zamani waliona uzito wa jambo hili. Edmund Dahl wa kanisa la Moravian alitoa kamusi ya Kinyamwezi mwaka 1915, kwa kuwa neno la Mungu halikai vema katika nyumba isipokuwa kwa lugha ya nyumba ile.

Tatu, mtoto aelezwe majina yake. Wengi wana jina la babu au la bibi, na jina la mtakatifu. Baba amweleze babu yule alikuwa mtu gani, na mtakatifu yule alitenda nini. Hivyo atajua kwamba ana wazee katika ukoo na wazee katika Kanisa.

Nne, mafundisho yaende pamoja na kazi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Musa awaagiza wazazi waziseme amri za Mungu kwa watoto wao waketipo nyumbani na waendapo njiani, walalapo na waondokapo. Baba na mtoto waendapo shambani, hiyo ndiyo njia. Wakiona mbegu imeota, au mwenye njaa akipita, somo limekwisha kuletwa mbele yao.

Tano, mtoto asitumwe kusema uongo. Mwenye kudai afikapo mlangoni, baba akamwambia mtoto, Nenda useme sipo, siku hiyo amri ya nane imefutwa katika kichwa cha mtoto, na mwalimu ataiandika tena ubaoni bure. Wazee wetu walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

5. Usiku wa ugonjwa

Mambo hayo matano yote hupimwa siku ya shida, na hasa usiku wa ugonjwa. Mtoto mdogo ameshikwa na homa kali. Ndugu zake wamejilaza, lakini hawakupata usingizi, wasikia. Wasikia baba akisema kwamba hii si homa tu, yuko mtu. Wasikia shangazi akimtaja bibi wa nyumba ya pili, yule mwenye macho mekundu. Kabla ya alfajiri baba ameondoka kwenda kwa mfumu, apigiwe ramli. Na siku ya Jumapili mmoja wa watoto wale atasimama mbele ya katekista, na kujibu bila kosa kwamba Mungu ndiye mwenye uzima wetu na kifo chetu. Mwalimu atamsifu. Lakini mtoto amekwisha kujua kwamba yako majibu ya darasani na yako majibu ya usiku, na kwamba watu wazima huyategemea yale ya usiku.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi dalili iliyotajwa ni wekundu wa macho. Wekundu huo aghalabu ni kazi ya moshi: mwanamke amepika maisha yake yote kwa kuni, katika nyumba isiyo na dirisha. Na katika miaka iliyofuata 2007 tulisikia habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino, hata watoto, kwa ajili ya viungo vyao. Waliotenda hayo na waliowatuma walikuwa watoto wa watu zamani, wakalelewa katika nyumba fulani, wakasikia maneno fulani usiku.

Mtume Paulo, alipomwandikia Timoteo, aliikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na katika mama yake Eunike. Katika nyumba nyingi za Unyamwezi ni bibi vilevile aliyeushika mkono mdogo na kuufundisha ishara ya msalaba, wakati wazazi wakiwa shambani. Nyumba imsingiziayo bibi uchawi yamwua mlezi wake wa imani, hata kama hakuna aliyeinua panga.

Basi mzazi afanye nini usiku ule? Ampeleke mgonjwa zahanati au hospitali mapema, bila kungoja shauri la ukoo. Dawa za miti zenyewe si dhambi, na waganga wazuri wa miti shamba wapo. Lililokatazwa ni ramli, na kumtafuta mtu wa kumtwika kosa. Kabla ya kuondoka asali kwa sauti na watoto wote, kwa lugha waijuayo. Na mtu akimtaja bibi yule jirani kwa ubaya, baba akatae mbele ya watoto, na asubuhi amtume mmoja wao ampelekee maji au unga. Mtoto aliyeuchukua unga ule kwa mikono yake amefundishwa amri ya mapendo na amri ya tano kwa pamoja, naye hataisahau siku hiyo.

Yawezekana mgonjwa atakufa. Hapo mfano huwa mgumu kuliko vyote, maana ndugu watasema kwamba kama ungalikwenda kwa mfumu mtoto angalipona. Mzazi anayevumilia maneno hayo, akamzika mtoto wake kwa sala bila kumlaani mtu, amewapa watoto waliosalia mafundisho ambayo hakuna katekista awezaye kuwapa.

Kwa hiyo katekista aandikapo jina la mtoto mchanga katika kitabu cha Ubatizo, yafaa awaulize wazazi mambo matatu. Ni nani atakayesali na mtoto huyu jioni, na kwa lugha gani? Msimamizi wake akaa wapi, na je, aweza kufika kwa miguu? Na mtoto akiugua usiku, mtakwenda wapi? Majibu yao ayaweke moyoni. Na mwaka ukiisha awatembelee nyumbani, aketi nao jioni mpaka saa ya sala, aone kama baba anapiga magoti.